Kisabo cha Mama Kitavunjwa Kesho

Nyamitaba, Ijumaa, 1957.

Mvua imeanza tangu alfajiri na haijachoka. Ukungu umeshuka hadi kwenye zizi, ng'ombe siwaoni, nawasikia tu wakikohoa na kukanyaga tope. Moshi wa jikoni hautaki kutoka nje. Nimekaa karibu na mlango ili nipate mwanga wa kuandikia, na mkono wangu wa kushoto umevimba kidogo, kama kawaida yake siku za baridi.

Kesho binti yangu Imakulata anaolewa. Na kesho hiyo hiyo, kabla hajavuka kijito kwenda kwa mume wake, watavunja kisabo cha mama yangu.

Naandika kwa sababu moyo umejaa, na kwa sababu chuchu yangu ya kushoto inaniwasha. Sina chuchu ya kushoto. Ilikatwa pamoja na titi lake lote kule Walikale, mwanzoni mwa kiangazi kilichopita. Lakini inawasha, hasa mvua ikinyesha, na nikipeleka mkono nijikune, mkono unakuta mbavu.

Huenda siku moja haya yatasomwa na mtu asiyefuga, basi nieleze. Kisabo ni kibuyu kikubwa cha kusukasukia maziwa mpaka yatoe siagi. Kukamua ni kazi ya wanaume, kisabo ni cha mwanamke. Unakaa chini, unakipakata, unakiegemeza kifuani upande wa kushoto, kisha unakisukuma na kukirudisha, unakisukuma na kukirudisha, mpaka usikie maziwa yamebadilisha sauti. Hakiazimwi hata kwa jirani mwema. Siku ya harusi mama humpa binti yake kisabo pamoja na kamba yake ya kukibebea, na binti anaondoka nacho kikinuka moshi wa nyumba ya kwao.

Mimi mama alininyima.

Nilienda kwa mume wangu Zakaria na kisabo kipya kilichonunuliwa sokoni Sake, kisicho na harufu ya mtu, na wifi zangu walicheka mpaka wakachoka. Walisema mama yangu ni bahili, kuliko kukiachia kisabo afadhali amwachie mtu mumewe. Nilimchukia mama mwaka mzima kwa aibu ile. Alikuwa amekuja na kisabo chake kichwani, walipohamia milima hii na ng'ombe wao, na wote walijua kuwa mimi ndiye binti yake wa pekee.

Kisha vita vya Wazungu vikawa vinaendelea huko mbali, na mama akaugua. Nilipoenda kumuuguza nilikuta amekifunga kisabo kwa kitambaa, na alikuwa anakipakata upande wa kulia kama mtu anayejifunza upya. Titi lake la kushoto sikuonyeshwa. Niliona tu doa kwenye nguo yake, mahali pamoja kila siku, hata akibadili nguo. Akasema ni kidonda cha kisabo, kimemsugua. Alikipaka siagi. Kilikauka, kikarudi, kikakauka tena, na mwisho mama naye akakauka.

Siku za mwisho hakusema mengi. Alinishika kidole gumba, akanivuta karibu, akasema, "Usikipakate."

Nilidhani ni homa inayozungumza. Baada ya maziko kisabo kikaja kwangu kama haki yangu, nikakifungua kile kitambaa, nikakiosha na kukifukiza kwa majani mazuri. Nikakipakata.

Miaka ilipita na siagi yangu ilisifiwa hadi Masisi. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ameacha kunyonya zamani, anachunga ndama, wakati chuchu ya kushoto ilipoanza kuwasha. Mwasho mdogo tu. Nilijikuna juu ya nguo nikiwa nasali rozari. Halafu ngozi ya nchani ikawa kavu, ikatoa magamba, ukiyabandua chini pana wekundu wa maji maji. Sikumwambia mtu ila Zakaria, na Zakaria akafanya anachofanya mfugaji yeyote chuchu za ng'ombe zikipasuka: aliniletea siagi ya zamani, ile inayowekwa kwa ajili ya ng'ombe waliozaa.

Ilifanya kazi, na hiyo ndiyo iliyotupoteza. Magamba yalilainika, wekundu ukafifia, nikamshukuru Mungu na ng'ombe wake. Baada ya wiki kadhaa yakarudi, mapana zaidi. Tukapaka tena. Nikakifunga kisabo kitambaa. Nikakihamishia kulia, kama mama. Titi la kulia halikupata hata kipele, la kushoto likaendelea kuliwa wakati hakuna kitu kinacholigusa, na hata hilo halikutufungua macho. Mama mkwe wangu, ambaye bado alikuwa hai wakati huo, alisema wazi kuwa muzimu wa mama umekaa ndani ya kisabo, unadai kwa sababu nilikaidi neno lake. Mimi nilifundishwa na masista, najua katekisimu yote. Lakini usiku wa mvua nilisikia maziwa yakisukwa kwenye pembe ya nyumba, na kisabo kilikuwa kitupu.

Chuchu ikaanza kuzama ndani. Jumapili moja, kanisani, doa likatokea kwenye blauzi yangu nyeupe, mahali palepale pa mama.

Aliyeliona ni sista wa dispensari. Alinivuta pembeni baada ya misa, akaniangalia, akauliza kama nanyonyesha. Nikasema hapana. Akanyamaza. Wazungu wakinyamaza namna ile huwa ni jambo baya, maana kwa kawaida maneno yao hayakauki. Akasema pana daktari wa kupasua katika hospitali ya migodi, kule msituni Walikale, na kwamba nisingoje. Zakaria alinipeleka hadi barabarani, tukapata lori lililokuwa linakwenda kuchukua mawe ya madini, nikapandishwa mbele karibu na dereva kwa sababu ya hali yangu.

Sijawahi kushuka namna ile maishani. Milima ikaisha, baridi ikaisha, nyasi zikaisha, miti ikafunga juu ya barabara. Nilitafuta ng'ombe kwa macho, hata mmoja, sikumwona. Ni nchi ambayo mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kuonja maziwa.

Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye mikono ya baridi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza maji ya moto na kuamrisha watu walale, kwa hiyo maneno mengine yalipitia kwa infirmie, yaani muuguzi wake, Papa Bonane, mtu wa Walikale hukohuko, mpole, mwenye ndevu chache. Niliona aibu kufungua nguo mbele ya wanaume wawili. Papa Bonane akageuza uso wake dirishani na kuuliza maswali akiwa anaangalia miti, na kwa heshima hiyo nitamwombea mpaka nife.

Maswali yenyewe yalinishangaza. Daktari hakuuliza nimekula nini wala nimemkosea nani. Aliuliza jambo lilianzia wapi: nchani mwa chuchu, au kwenye ule mduara mweusi unaoizunguka? Nikasema nchani. Titi la pili likoje? Zima. Dawa ya kupaka inaliponya hili la kushoto? Inaliponya, na halikubali kupona. Hapo akatikisa kichwa. Papa Bonane akanieleza kuwa pana ugonjwa wa ngozi wa kawaida ambao hupenda matiti yote mawili, huanzia kwenye mduara, na ukipakwa dawa huondoka. Huu wangu ulianzia nchani, ukashika upande mmoja, ukatembea kwenda nje, ukaanza kuivuta chuchu ndani. Daktari akabonyeza kwa vidole taratibu, akafika mahali akasimama, akarudia palepale. Ndani kulikuwa na kitu kigumu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukihisi.

Akakata kipande kidogo, kama punje ya mtama, akakitia katika kichupa chenye maji makali. Kikapelekwa mbali, kwa mtu mwenye mikroskopu, mashine ya kukuza vitu visivyoonekana. Nikabaki kungoja.

Kungoja kule ndiko kulinitia wazimu. Kipande changu kinasafiri bila mimi. Kwetu hata kitovu cha mtoto hakitupwi ovyo, na mimi nilikuwa nalala nikifikiria ngozi yangu iko mezani mwa mtu nisiyemjua, ananitazama kwa jicho moja. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja wa msituni, Mama Furaha, aliyevunjika mguu. Alinilisha sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa moshi, akanicheka kwa sababu nililia kukosa maziwa. Aliniuliza, "Nyinyi munakunywa ya ngombe. Sasa ngombe naye, anakunywa ya nani?" Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikajisikia vibaya kucheka.

Jibu lilikuja na lori. Papa Bonane alikaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, iko kanseri," alisema. "Imeanza mu ngozi ya chuchu, na iko na mizizi ndani. Kupaka dawa haitaweza. Inabaki kukata tu."

Zakaria aliitwa, akafika na matope hadi magotini. Wakamweleza kuwa titi lote litaondolewa pamoja na nyama za chini yake na tezi za kwapani, na kwamba mkono huenda ukavimba. Alizungusha kofia yake mikononi. Niliogopa. Nilijua wanaume waliorudisha wake zao kwa mambo madogo kuliko hayo. Mwishowe akainua kichwa, hakumwangalia daktari, aliniangalia mimi.

"Ngombe ya chuchu tatu," alisema, "miye sijaichinjaka."

Katika maisha yetu yote hajaniambia neno la mapenzi kubwa kuliko hilo.

Waliniwekea kitambaa usoni chenye harufu tamu ya kuchukiza, na nilipoamka kifua kilikuwa kimefungwa kama mzigo. Sitaki kuandika maumivu. Nitaandika ukuta. Papa Bonane alinisimamisha kila asubuhi mbele ya ukuta, nikapandisha vidole vya mkono wa kushoto kama buibui mgonjwa, na pale vilipofika akachora alama kwa kaa lililozimika. Kesho yake lazima nipite alama. Nililia ukutani pale. Mama Furaha akawa ananipigia makofi kutoka kitandani.

Nilimuuliza Papa Bonane wamelipeleka wapi. Hakujifanya hajaelewa. Alinionyesha kwa kidevu, nyuma ya hospitali, mahali pa kuzikia vitu kama hivyo, chini ya miti mikubwa. Kwa hiyo sehemu yangu imelala Walikale, titi lililowanyonyesha watoto wangu wote, katika udongo usiojua ng'ombe. Nadhani ndiyo maana linawasha. Linaniita.

Siku ya kuondoka nilimuuliza daktari habari za kisabo. Nilitegemea kucheka kwake. Hakucheka, alitaka nimwonyeshe tunavyokipakata. Sikuwa na kisabo, nikachukua mto wa kitandani, nikaupakata, nikausukuma na kuurudisha, kwa mkono wangu ulio mbovu, wodi nzima ikiangalia. Aliangalia mpaka mwisho. Kisha akasema hapana, kibuyu hakileti ugonjwa huu. Akauliza kama mama yangu naye aliugua hivyo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nina binti.

Papa Bonane alitafsiri polepole, neno kwa neno, kama anavuka mto kwa mawe. "Daktari anasema, hajue juu ya nini, lakini mara ingine inafwata mu familia. Mama yako, weye, na labda mutoto wako. Umuambie aangaliake chuchu zake. Kama iko magamba yenye kukatala kupona, asipake siagi. Akuje."

Hayo ndiyo maneno niliyorudi nayo. Kifuani nilikuwa mwepesi upande mmoja, lakini maneno hayo yalinielemea upande wa pili.

Nyumbani nilikuta wamekwisha kuamua kuwa kosa ni la kisabo. Kila mtu alikuwa na furaha kwamba Wazungu wamekata kile kilichoharibiwa na kisabo. Wifi zangu walikifungia kwenye ghala. Kisha Imakulata akaposwa na Damiani, kijana wa ng'ambo ya kijito, mpole, anayemwangalia binti yangu kama amekuta ng'ombe wake aliyepotea. Ng'ombe wa mahari wakaja. Na pamoja nao akaja shangazi yake Damiani, Mama Perpetua, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye watu wote humsikia.

Hakuwa na ubaya. Aliongea kwa adabu, akanisifu kwa kupona, akainama mbele ya Zakaria. Akasema wao wanampenda mtoto, lakini kile kisabo kimekwisha kula wanawake wawili wa nyumba hii, na hawataki kivuke kijito. Aliomba kivunjwe mbele ya watu wote, pale mtoni, kabla ya bibi harusi kuvuka. Walikuwa wamemletea kingine, kipya, kizuri. Zakaria akakubali. Akanigeukia kuniuliza kwa macho. Wazee wote wakaniangalia.

Nilikuwa na maneno ya daktari mdomoni. Kisabo hakina kosa. Kinachotembea kimo katika ukoo wangu, kimo labda ndani ya huyo mnayemchukua.

Nilikubali kwa kichwa.

Ningesemaje? Kwanza, mwanamke haongei habari za chuchu mbele ya wakwe, afadhali atembee uchi sokoni Sake. Na kama ningeongea, wangechukua ng'ombe wao na kurudi. Nani anaoa ukoo wenye kidonda? Imakulata angebaki hapa na jina ambalo halifutiki, yeye na binti zake ambao hawajazaliwa. Kisabo kinaweza kuvunjwa, watu wakala, wakacheza, wakalala salama. Ukoo huwezi kuupeleka mtoni ukauvunja.

Na niseme ukweli wote, maana hapa hakuna wa kunicheka. Mimi mwenyewe natamani kiwe kisabo. Kama ni kisabo, kesho saa nne asubuhi yatakuwa yamekwisha.

Lakini siku zote hizi neno moja linanizunguka kama nzi. Usikipakate. Mama hakuwa bahili. Mama aliona kidonda tangu kabla ya harusi yangu, akadhani ni kibuyu, akavumilia wifi zangu wanicheke, akavumilia nimchukie, mradi kibuyu kisinifikie. Alinikinga kwa nguvu zake zote, na kitu kilikuwa kimekwisha kupita, tangu tumboni mwake. Angenionyesha titi lake. Angenionyesha tu, siku moja, ningelijua doa lilipokuja. Masista walikuwa na msemo katika kitabu cha kusomea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama hakuyaficha kwa kiburi. Aliyaficha kwa upendo, na upendo ule nusura uniue.

Leo asubuhi nilikitoa ghalani. Nilimwambia Zakaria kuwa siagi ya kumpaka bibi harusi lazima itoke katika kisabo cha bibi yake, mara ya mwisho. Hakubisha. Nikakaa chini, nikakipakata upande wa kushoto, mahali pake. Kililala kifuani kama mtoto anayejua kitanda chake, maana sasa hakuna kitu cha kukizuia. Nilisukuma na kurudisha huku mvua ikipiga nyasi za paa, na ile sauti niliyokuwa naisikia usiku ilikuwa mikononi mwangu, sauti ya maziwa tu. Nikalia mpaka siagi ikatoka. Nilikuwa namlilia mama, na nilikuwa nakiomba radhi kibuyu.

Mchana nikamwita Imakulata chumbani. Desturi ni shangazi na wanawake wengine kumpaka siagi bibi harusi, nao walikuwa wamekwama kwa mvua, nikasema nitaanza mwenyewe. Alikaa juu ya mkeka, akavua nguo, akawa anacheka kwa baridi ya siagi. Nilianza miguuni. Nikapanda mgongoni, mabegani. Alikuwa ananieleza habari za Damiani, jinsi alivyoanguka kwenye tope mbele ya baba mkwe, mimi nikawa najibu mhm, mhm. Nilipofika kifuani mikono yangu ilisimama. Niliangalia la kushoto. Niliangalia la kulia. Nikarudi la kushoto. Ngozi nzuri, laini, hakuna kitu. Nikaangalia tena.

Alikuwa ameacha kucheka.

"Mama," alisema, "uko unatafuta nini?"

Nilikuwa na jibu tayari. Hakuna kitu, mwanangu. Ni jibu la mama yangu, nililipokea pamoja na vingine. Lilifika mdomoni, likakaa pale, na nikaona ile blauzi nyeupe kanisani, na aliyeivaa hakuwa mimi, alikuwa yeye.

Nikafungua vifungo vyangu.

Hajawahi kupaona. Hakuna aliyepaona hapa ila baba yake. Niligeukia mwanga wa mlango ili aone vizuri, kovu refu kutoka kifuani hadi kwapani, ngozi iliyokazwa juu ya mbavu, shimo la kwapani. Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, mwasho, magamba, siagi inayodanganya, chuchu inayozama, maswali ya daktari, kipande kama punje. Nikamwambia kisabo hakikufanya lolote. Nikamwambia bibi yake alikuwa na kanseri hii, mimi nimekuwa nayo, na yeye huenda asiwe nayo kamwe, lakini aangalie. Nikamwambia daktari hakuniahidi miaka, kwa hiyo asitegemee nitakuwepo kumkumbusha.

Hakulia. Alichovya vidole kwenye siagi, akanyoosha mkono, akanipaka kovu. Polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mimi nilivyokuwa nampaka yeye. Pale ambapo panawasha bila kuwepo, mkono wake ulipita, na mwasho ukanyamaza.

Kisha akauliza kama tuwaambie. Nikasema ni mwili wake na ndoa yake, nitafuata atakachosema. Akafikiri. Nje mvua ilikuwa imepungua, tukasikia wanawake wakija wakiimba na kulalamikia tope.

"Tuwaache wakivunje," alisema. "Damiani nitamuambia miye mwenyewe, tukishazoeana. Wale wengine, hawatasikia."

Akasimama, akavaa, akaenda pembeni kilipokuwa kisabo. Akakipiga piga mgongoni kama mtu anayemuaga mzee. Kisha akaifungua kamba yake, ile kamba ya bibi yake, iliyosukwa kwa nyuzi ambazo hazipatikani tena, nyeusi kwa moshi na mafuta. Akakileta kile kisabo kipya cha Mama Perpetua, akakifunga kamba ile, akakaza fundo.

Nilisema, wewe, kisabo cha bibi yako hawataki kivuke.

"Walisema kisabo," alinijibu. "Juu ya kamba hawakusema kitu." Na akanieleza kuwa kila asubuhi, akiishika kamba hiyo kabla ya kupakata, ataangalia kwanza. Kushoto na kulia. Akishaangalia ndipo asukume.

Niliiogopa kamba. Niandike hivyo hivyo bila aibu. Daktari amenieleza, masista wamenifundisha, mimi mwenyewe nimetoka kusema kuwa kitu hakikai katika kibuyu, na bado nilipoona kamba ile ikiingia katika nyumba mpya, nilitaka kuinyang'anya. Wanawake wakafungua mlango, wakaingia na vigelegele, na nikaurudisha mkono wangu.

Sasa hivi wako naye, wanampaka upya, wanasema mama mtu hajui kupaka. Kisabo kipo mbele yangu bila kamba. Kesho kitapigwa jiwe mtoni, vipande vitachukuliwa na maji, Mama Perpetua atanikumbatia, na mimi nitapiga vigelegele kuliko wote. Wawili tu tutajua kuwa hakuna kilichovunjika.

Jua likichomoza huko ng'ambo ya kijito, Imakulata, utakumbuka kuangalia?